SARUJI PEKE YAKE HAIMALIZI SUMU

Ndugu zetu wa Ngara na Biharamulo waijua barabara ile. Malori ya mafuta yatokayo bandari ya Dar es Salaam hupita Nyakanazi na Lusahunga, kisha hugawana njia: haya Rusumo kwenda Rwanda, yale Kabanga kwenda Burundi. Penye malori pana gereji, na penye gereji pana oili chafu iliyomwagwa chini. Tena bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lililotiwa saini mwaka 2017, limepangiwa njia ipitayo Biharamulo. Katika kilomita zake 1,443, kilomita 1,147 zi katika nchi yetu. Mafuta ya Hoima yana nta nyingi, na bomba la mafuta ya namna hiyo halina budi kukwanguliwa ndani. Makapi yake yatatupwa wapi?

Wako wataalamu wasemao: yachanganyeni na saruji, yagande kama jiwe, myafukie, mambo yamekwisha. Hatuyadharau maarifa hayo. Ukali wa chokaa ulio katika saruji huyashika kweli baadhi ya madini ya sumu. Lakini mafuta yenyewe hauyashiki. Hufungiwa tu katika vijitundu vya jiwe, na tena huizuia saruji isigande sawasawa. Risasi na zinki nazo zina tabia ya ajabu, maana ukali ule ukizidi mno huyeyuka upya. Miaka ikipita, hewa na mvua huupunguza ukali, na jiwe hufanya nyufa. Mama atiapo majani ya chai katika maji, majani hubaki majani, lakini rangi hutoka. Ndivyo lilivyo jiwe hilo.

Basi ugumu si kipimo. Tofali laweza kubeba nyumba huku likitoa sumu. Kipimo ni maji. Wamarekani hulivunja vipande visivyozidi milimita 9.5, wakavitikisa kwa saa 18 hivi katika maji ya asidi hafifu yenye uzito mara 20 ya vipande, kisha maji yakapimwa. Waholanzi walilizamisha zima siku 64.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ipo tangu mwaka 2004. Twadai itumike hivi: lisifukiwe jiwe lolote la taka za mafuta Ngara wala Biharamulo, wala lisiuzwe kama tofali (bei rahisi itawavuta wengi, tena maskini kwanza), kabla ya kupimwa kwa maji na hesabu zake kubandikwa kwa Kiswahili katika ofisi ya kijiji. Kibarua achanganyaye apewe glovu na buti, kwani ndiye aguswaye wa kwanza. Gharama ailipe mwenye mafuta. Mto Ruvubu huingia Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, na Kagera huingia Ziwa Victoria. Kwa hiyo visima na vijito vya jirani navyo vipimwe kila mwaka, hata baada ya wenye mradi kufunga virago.