Kiganja Hakikuulizwa

Jamani wasomaji wangu, wiki hii mwenzenu naandika kwa kidole kimoja. Vingine vimekufa ganzi.

Kisa? Drili ya chaji. Dukani niliuliza volti tu. Nikaambiwa 18, nikatoa pesa, nikarudi kifua mbele kumtengenezea mama watoto kabati. Saa mbili baadaye, hata kifungo cha shati sikiwezi!

Nikaipeleka kwa fundi mmoja wa Keko. Akaishika, akacheka. "Bosi, umenunua nguvu, kiganja hukukiuliza."

Mpini huu wa bastola si wa jana; Black & Decker waliupatia hataza mwaka 1917, na drili yao ya betri ikaja 1961. Baadaye betri nyingi zilichomekwa ndani ya mpini, ukawa mnene kama mchi. Siku hizi nyingi hukaa chini yake: mpini umekonda, na uzito wa betri unasawazisha mota iliyo juu. Yangu ni ya zile za zamani.

Fundi akasema: vidole viuzunguke mpini, cha shahada kifikie swichi bila kujinyoosha, kifundo cha mkono kinyooke. Mpini ukiwa mnene utaukaba, na kukaba ndiko kunakoua mkono. Basi dukani usione haya: chomeka betri, ishike, inyanyue.

Kinachoniuma, mama watoto aliijaribu siku ileile. "Baba Neema, hili dude halishikiki." Nikamjibu hayo mambo ya wanaume.

Kabati halina mlango mpaka leo. Yeye ananitazama tu.