Sheria yalinda mialoni mikongwe huku miche ikiangamia

SERIKALI ya Ureno ilipoidhinisha mnamo Agosti 2023 kukatwa kwa mialoni 1,821 karibu na mji wa Sines ili kupisha mradi wa umeme wa upepo, wananchi wengi walighadhabika na kutia saini za kupinga.

Ghadhabu hiyo inaeleweka. Mwaloni wa vizibo ndio mti wa taifa nchini humo tangu 2011, na haukatwi bila kibali. Ureno huzalisha takriban nusu ya magome yote yanayotengenezewa vizibo vya chupa za mvinyo duniani.

Mti huo hauvunwi kwa pupa. Gome la kwanza hubanduliwa ukiwa na umri wa miaka 25 hivi, kisha mvunaji hungoja angalau miaka tisa kabla ya kurudi. Magome ya mavuno mawili ya mwanzo hayafai vizibo. Ni yale ya mavuno ya tatu, mti ukiwa umepita miaka 40, ndiyo yenye ubora unaohitajika. Anayepanda leo, basi, huwapandia wanawe na wajukuu.

Aidha, gome hilo nene ni ngao. Moto wa nyika unapopita, mwaloni ambao haujabanduliwa gome karibuni huweza kuchipuka tena matawini.

Chini ya mialoni ya kusini mwa Ureno na kusini magharibi mwa Uhispania, kondoo na ng'ombe hulisha, nao nguruwe hunenepeshwa kwa mbegu zinazodondoka kuanzia Oktoba hadi Februari. Wahenga walinena kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Misitu hii imetunzwa kwa mikono ya binadamu kwa karne nyingi.

Hata hivyo, hatari kuu si shoka la Sines. Hatari ni kwamba mialoni inazeeka bila warithi.

Mifugo inapozidi, hula mbegu na miche pia. Mche ukinusurika, hukabiliwa na kiangazi. Katika ukanda wa Mediterania mvua hunyesha zaidi wakati wa baridi, hivyo sharti mche uteremshe mzizi mrefu kuyafikia maji kabla ya miezi ya jua kali. Ukame unaporefuka, mingi hushindwa.

Isitoshe, tangu miaka ya 1980 mialoni mingi ya Uhispania na Ureno imekuwa ikinyauka. Mojawapo ya sababu ni vimelea vya udongoni vinavyoozesha mizizi, na mti uliodhoofishwa na ukame huwa rahisi kuathirika.

Hali si tofauti katika msitu wa Maamora, karibu na Rabat nchini Morocco, ambako mifugo hula miche huku wakazi wakiokota mbegu tamu za mwaloni na kuziuza.

Ni bayana kuwa sheria inayozuia shoka haiwezi kumzuia mbuzi wala ukame. Mwenye shamba anayetaka miche ikue hulazimika kuzungushia ua sehemu ya malisho yake kwa miaka mingi bila kupata chochote. Mkaratusi, kwa upande mwingine, huuzwa kwa viwanda vya karatasi baada ya miaka 10 hadi 12. Si ajabu kwamba mikaratusi sasa imefunika eneo kubwa kuliko mti mwingine wowote nchini Ureno.

Gharama yake ilionekana 2017, pale mioto ilipoua zaidi ya watu 100 katika maeneo yaliyojaa mikaratusi na misonobari, ambako wakulima wengi walikuwa wamehama. Mwaka huo huo, bunge liliwekea mipaka upanzi mpya wa mikaratusi.

Sisi Wakenya, ambao tumebishana kwa miaka mingi kuhusu mikaratusi kandokando ya mito, tunaujua mvutano huo kati ya pesa za haraka na manufaa ya kudumu.

Suluhisho ni kumlipa mkulima kwa subira yake. Asiyekuwa na uwezo wa kungoja miaka 40 hatapanda mwaloni, hata sheria iwe kali kiasi gani.