Makato ya Mnada Yatajwe Kabla ya Mnada

Wiki chache zilizopita alifika ofisini kwetu mzee mmoja, mkulima wa korosho kutoka upande wa Mkinga, naye amechukua karatasi mbili alizozikunja na kuzihifadhi ndani ya kofia yake. Moja ilikuwa stakabadhi ya ghala, ya pili hati ya malipo. Siku ya mnada alikaa pamoja na wanachama wenzake, akaiona bei kwa macho yake ikitokea katika skrini, akanyosha mkono kuikubali, kisha akarudi nyumbani akiwa amekwisha kuzigawa fedha hizo moyoni: bati za nyumba, mahitaji ya wajukuu, deni la dukani. Fedha zilipoingia zilikuwa pungufu. Alipouliza alionyeshwa orodha ya makato, na mwisho wa orodha hiyo paliandikwa neno moja: "mengineyo". Mzee hakuja kwetu kugomba. Alitaka kujua tu huyo Mengineyo ni nani, na anaishi wapi.

Chama chake cha msingi hatukitaji, kwa kuwa hatukukusudia kumshitaki mtu. Lakini swali lake ni swali la haki, na hatuna budi kulitazama kwa makini, maana mnada wa skrini umekwisha kuingia katika maisha ya mkulima wa nchi hii wala hautatoka.

Kwanza ieleweke kwamba sisi hatuupingi mnada huo. Sheria ya stakabadhi za ghala ilipitishwa mwaka 2005, na wakulima wa korosho wa kusini wakaanza kuutumia mfumo huo katika msimu wa 2007/08. Kabla ya hapo mlanguzi alikuwa akimfuata mkulima shambani na mizani yake ya hila na kangomba yake, akanunua kwa bei aliyojipangia. Baadaye zikaja zabuni za kutiwa sandukuni. Soko la Bidhaa Tanzania, lijulikanalo kwa herufi TMX, lilianzishwa mwaka 2014, na katika msimu wa korosho wa 2024/25 minada ikaendeshwa kwa mtandao wake. Mnunuzi aliye mbali huweka bei yake bila ya kumwona mwenzake, wakulima huiona pale pale walipo, nao wana haki ya kuikubali au kuikataa. Katika minada ya kwanza ya msimu huo bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Hayo ni maendeleo, na asiyeyaona amejifumba macho.

Lakini bei ya mnada ni kitu kimoja, na shilingi zifikazo mkononi ni kitu kingine. Katikati yao wamesimama watu wengi, na kila mmoja ana kikombe chake.

Watu wa mwambao hatukuanza jana kuujua mnada. Mtu akienda asubuhi pale Deep Sea, mjini Tanga, mashua zinapoingia, ataona matenga ya samaki yakishushwa na dalali akipaza sauti, bei ikipanda kwa vidole na kwa kukonyezana. Ada ya dalali hukatwa mbele ya mvuvi. Mvuvi akiona amepunjwa, hunena papo hapo, na watu wote husikia. Tuliopita vyuoni tulifundishwa kwamba Mtume mwenyewe alinadi tandiko na bakuli la mtu maskini, mmoja akatoa dirhamu moja na mwingine akatoa mbili. Na kwamba ni haramu mtu kupandisha bei bila ya nia ya kununua. Wanazuoni wengi hawakuona ubaya wa ujira wa dalali, ilimradi ujulikane. Neno zima limo humo: ujulikane.

Tusidanganyane, hata hivyo, kwamba mnada wa pwani hauna giza lake. Wako wavuvi waliokopeshwa nyavu, mashine au mafuta na tajiri yule yule anayewauzia samaki. Ada inayotajwa gatini ni ndogo na hapana aionaye vibaya. Ada ya kweli ni kule kufungwa: mvuvi hawezi kumpelekea dalali mwingine samaki wake, hata kama huyo mwingine angemwuzia vizuri zaidi. Basi mtu akitaka kuijua gharama ya kuuza, asitazame tu kile kinachokatwa. Atazame pia kama anao uhuru wa kwenda kuuza kwingine.

Sasa turudi kwa mkulima wetu, na tupige hesabu ya mfano. Tuchukue korosho kilo 420 kwa bei ya shilingi 3,000. Jumla ni shilingi 1,260,000. Tuseme makato yote, yaani usafiri, ghala, magunia, chama cha msingi, chama kikuu na gharama za mnada, yamefika shilingi 240 kwa kila kilo. Mkulima atakatwa shilingi 100,800, atapokea 1,159,200. Ametoa shilingi 8 katika kila 100, naye huenda akaridhika.

Mwaka unaofuata bei ikaanguka hadi shilingi 1,600, na makato yakabaki 240 yale yale. Sasa anatoa 15 katika kila 100. Hakuna aliyeongeza hata senti moja, wala hakuna mkutano uliokaa, bali mzigo umekaribia kuongezeka maradufu, tena katika mwaka ambao mkulima ana shida zaidi. Hii ndiyo tabia ya makato ya kiwango kimoja kwa kilo. Makato ya asilimia tabia yake ni nyingine: bei ikishuka nayo hushuka, bei ikipanda nayo hupanda. Kwa maoni yetu mwenye lori na mwenye ghala wana haki ya kulipwa kwa kilo, kwa sababu gunia halipungui uzito ati kwa kuwa bei imeshuka. Lakini yule ambaye kazi yake ni kumtafutia mkulima bei nzuri, yafaa alipwe kwa asilimia, ili anapolala njaa mkulima, naye apunguze mlo.

Jambo hili si la Tanga peke yake. Katika mnada mkubwa wa intaneti uitwao eBay, ulioanzishwa Marekani mwaka 1995, muuzaji wa bidhaa za kawaida mwaka 2024 alikatwa asilimia 13.25 katika aina nyingi za bidhaa, pamoja na senti chache kwa kila oda. Wengi hukosea hapo wakidhani asilimia hiyo hupigwa juu ya bei ya kitu. Hupigwa juu ya jumla yote anayolipa mnunuzi, pamoja na gharama ya kusafirisha na kodi ya mauzo. Muuzaji hukatwa hata katika fedha za posta, ambazo hazikuwa zake kamwe. Tena yupo anayelipa zaidi ili bidhaa yake itangulizwe mbele ya za wenzake, kama vile mchuuzi anavyohonga apewe meza ya karibu na mlango wa soko. Kwa hiyo swali la kuulizwa si "asilimia ngapi?" tu, bali "asilimia ya nini?"

Na nani hulipa? Hapa ndipo penye kiini macho. Mwezi Oktoba 2024 eBay ya Uingereza iliwaondolea ada wauzaji binafsi, watu wakashangilia. Februari 2025 ikaweka ada juu ya mnunuzi. Mnunuzi mwenye pauni mia mfukoni bado ana pauni mia. Kinachokwenda kwenye ada hakiwezi kwenda kwa muuzaji. Kwetu sheria inasema ushuru wa mazao wa halmashauri, ambao mwaka 2017 ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara, hulipwa na mnunuzi. Ni kweli, mkono unaolipa ni wa mnunuzi. Lakini mnunuzi hajui kupiga hesabu? Hukaa usiku akijumlisha ushuru, bandari na meli, ndipo asubuhi anaweka bei yake. Ushuru huo ni halali na unajenga zahanati zetu, hatusemi ufutwe. Tunasema mkulima asiambiwe kwamba haumhusu.

Wala tusifikiri kwamba wakubwa wa dunia ni waaminifu zaidi yetu. Nyumba mbili kubwa za minada za huko, Sotheby's na Christie's, ziligundulika mwaka 2000 kuwa zilikuwa zimepatana kwa siri viwango vya kuwatoza wauzaji. Zilikubali kulipa dola milioni 512, na aliyekuwa mwenyekiti wa Sotheby's, Alfred Taubman, akatiwa hatiani mwaka 2001, kisha akafungwa. Muuzaji aliyekimbia nyumba moja kwa sababu ya ada alikuwa anakimbilia ada ile ile.

Yuko atakayesema kwamba haya ni mambo ya shilingi ishirini, thelathini, na kwamba gazeti lina mambo makubwa zaidi ya kuandika. Huyo na akumbuke historia ya zao hili. Katika msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 hazikufika tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi: watu walihamishiwa vijijini wakaacha mikorosho yao mbali, na ugonjwa wa ubwiri unga ukaipiga ile iliyosalia. Lakini pia gharama za vyombo vya kununulia mazao zilikuwa zimekula sehemu kubwa ya bei, hata mkulima akaona hapana faida ya kupalilia. Hatusemi haya kwa furaha. Vyombo hivyo vilikuwa vyetu, na viliundwa kwa nia njema ya kumwondoa mnyonyaji. Mkulima hakuandamana wala hakuandika barua. Aliuacha msitu ukue chini ya mikorosho, basi.

Mwezi Oktoba 2018, kule Newala na Tandahimba, wakulima walizikataa kwa kauli moja bei zilizokuwa chini ya shilingi 3,000. Waliweza kukataa kwa sababu waliiona bei. Hapana mtu awezaye kukataa asichokiona. Vivyo hivyo tozo ya miamala ya simu ilipoanza Julai 2021 ilitangazwa kwa jedwali, kila mtu akajua atatoa ngapi, wananchi wakalalamika, na mwezi Septemba mwaka huo huo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Serikali ilisikia kwa sababu lililosemwa lilikuwa na tarakimu.

Kwa hiyo, kwa viongozi wa vyama vya msingi na vyama vikuu vya Mkoa huu, na kwa maafisa ushirika wa wilaya zote zinazolima korosho na ufuta, tunasema hivi. Kabla ya skrini kuwashwa, pawepo ubao. Juu ya ubao yaandikwe makato yote kwa shilingi za kilo moja, jina la anayepokea kila kato, na mkutano uliolipitisha. Bei itakapotokea, katibu atoe makato mbele ya watu na kuandika kile kitakachobaki, ndipo mikono inyoshwe. Chaki ni rahisi. Pia isemwe wazi kwamba bei ikikataliwa, siku za ziada ghalani atazilipa nani. Maana mtu anayelipia ghala kila siku hana uhuru mrefu wa kusema hapana, kama vile mvuvi asiye na barafu hana uhuru wa kungojea adhuhuri.

Na neno "mengineyo" lifutwe kabisa. Kama ni posho ya kikao, iandikwe posho ya kikao. Kama ni karatasi na wino, iandikwe karatasi na wino. Huenda wanachama wakayakubali yote hayo wakishaelezwa, kwani watu wetu si wachoyo kwa chama chao.

Yule mzee tulimsomea hati yake mstari kwa mstari mpaka tukafika kwenye ule wa mwisho, nasi tukashindwa kama alivyoshindwa yeye. Alizikunja karatasi zake, akazirudisha kofiani, akatuambia atakwenda kuuliza tena katika mkutano mkuu wa chama chake.