Wapeni Zamu Fupi

Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo linalozisumbua kamati nyingi za huduma: mama vijana hawaji kujitolea. Wazee wetu husema vijana wa leo ni wavivu. Mimi sikubaliani nao.

Mfikirieni mama wa miaka 30. Mchana yuko kazini au gengeni, jioni anapika na kuwasimamia watoto wa shule. Ukimwambia, "Jumamosi tunakwenda kwa wagonjwa," bila kutaja saa ya kurudi, hatakuja. Lakini mwambie, "Kuna mama anamuuguza mumewe aliyepata kiharusi, njoo Jumamosi saa 3 hadi saa 5 asubuhi, umshikie zamu aende sokoni." Hapo mara nyingi atakubali.

Sisi wauguzi tunaijua faida ya zamu. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi ili asipate vidonda vya kulalia. Nani awezaye kazi hiyo peke yake, usiku na mchana? Heri watu sita wenye saa mbili mbili kwa juma kuliko mmoja aliyeahidi kuja kila siku, akachoka mwezi wa pili.

Kabla ya kumtuma, mfundisheni kunawa mikono, kumgeuza mgonjwa bila kumburuta shukani, na kutunza siri za nyumba ile. (Habari za mgonjwa hazipelekwi saluni, jamani!)

Halafu kuna suala la fedha. Mkutano wa kimataifa wa Msalaba Mwekundu uliofanyika Vienna mwaka 1965 uliitaja huduma ya kujitolea kuwa mmojawapo wa misingi saba ya chama hicho, yaani huduma isiyotafuta faida. Sawa, lakini nauli si faida. Mrudishieni nauli yake, nanyi mnunue glavu. Tena semeni mapema kama mwisho wa huduma hakuna ajira, kwa kuwa wako vijana wenye vyeti waliofanya kazi miaka bila mshahara wakitumaini kuajiriwa. Hao wakisikia neno "kujitolea" hushtuka, na wana haki.

Baada ya miezi mitatu muulizeni: anaendelea au anapumzika? Akitaka kupumzika, mshukuruni, kisha siku ileile andikeni jina la atakayepokea zamu yake. Jumamosi ijayo saa 3 yule mama atakuwa ameshika kikapu mlangoni, akimsubiri mtu.