Fungua Boneti Mwenyewe

Hapa Mahoo kuna vijana watakaolipa pesa ya mwezi mzima kuwekewa ekzosi inayolia mpaka Salaita, halafu ukiwauliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, wanakutazama kama umewauliza siku aliyozaliwa nyanya yao. Mkanda, jamani! Ukikatika kwenye injini kama yangu, pistoni zinagonga vali, na kilichobaki ni vyuma vya kuuza kwa kilo.

Naendesha Impreza WRX ya 1998, namba KAT, na turbo yake bado iko sawa. Naitengeneza mwenyewe chini ya mwembe. Najua yanayosemwa: msichana gani ana girisi kwenye kucha, aliacha chuo sasa amegeuka makanika. Sawa. Lakini hao hao nimewaona kwenye benchi la gereji tangu asubuhi, simu mkononi, wakingoja kuambiwa bei. Fundi akisema imekula gasketi, wanatoa. Akisema bado kidogo, wanatoa tena. Gereji moja ilinilipisha plagi nne mpya. Nilipozifungua nyumbani nikakuta ni zile zile za zamani, zimepigwa brashi tu. Ningejuaje kama singefungua?

Sina vita na mafundi. Injini ikihitaji kushushwa, tafuta anayejua, mlipe vizuri, kaa hapo uangalie. Atakayekukataza kuangalia, chukua gari yako uondoke.

Kuna jambo moja wapenda kelele hawalifikirii. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8. Impreza za umbo hili ziliacha kutengenezwa karne iliyopita ikiisha, kwa hiyo zilizoko nchini ndizo hizo. Kila mtu anayejaza rejeta maji ya bomba badala ya kulanti, akaiachia kutu ile ndani, anatupunguzia. Kila anayezima injini ya turbo ghafla baada ya kukimbiza, oili ikaungulia humo, vile vile.

Tunapenda kumtaja Joginder Singh. Mwaka 1965 alishinda Safari pamoja na ndugu yake Jaswant, kwa Volvo PV544 ya mtumba, iliyokuwa imeshapigishwa mbio na mwingine mwaka uliotangulia. Akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Mtu huyo alikuwa makanika kabla ya kuwa bingwa. Sisi tumechukua mguu wake wa kulia tukaacha mikono.

Na hapa ndipo ninapokasirika kweli. Barabara ya Mwatate mpaka Taveta ilipokuwa vumbi na mashimo, ilikulazimisha kupunguza mwendo. Sasa ni lami, na kijana anakanyaga kutoka Maktau mpaka Mwatate huku mafuta ya breki hayajabadilishwa tangu gari ishuke melini. Mafuta hayo hunyonya unyevu. Yakipata joto kali yanachemka, pedali inazama mpaka chini, na mbele yako kuna ndovu wa Tsavo anavuka na wanawe, au mwanafunzi. Baada ya hapo tutasikia eti breki zilifeli. Mafuta yenyewe ni bei ya chakula cha mchana cha watu wawili, na kazi ni ya saa moja, mmoja akikanyaga na mwingine akitoa hewa.

Ati niuze ninunue Probox? Kwani Probox haili oili?

Anza na hiyo oili. Tafuta seti ya soketi, jeki na stendi mbili. Usiingie kamwe chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, hata kama ni kuangalia tu. Boksa yangu hunywa lita nne na kitu, chujio hubadilishwa hapo hapo. Ile chafu iweke kwenye debe. Ukiimwaga kwenye mfereji itafika kwenye migomba ya mamako.