Mpira wa Sh8,000 mpaka ufike Mbamba Bay

FEDHA za kahawa zikiingia Mbinga, kila nyumba huwa na mipango yake. Katika nyumba moja pembezoni mwa mji, mipango ilikuwa mbolea ya shamba, bati za jiko na mahitaji ya binti anayeanza kidato cha kwanza Januari. Ndivyo mama alivyojua. Baba alikuwa na mpango mwingine ndani ya simu.

Alikuwa ameona picha za mipira ya miguu kutoka Sialkot, mji wa Pakistan unaouza mipira dunia nzima. Bei ilikuwa sawa na Sh8,000 kwa mpira mmoja, akichukua 100. Dukani Mbinga mpira wa namna hiyo ni Sh25,000. Walimu wa mwambao, kuanzia Mbamba Bay hadi Liuli, walimwambia kuwa wakiupata kwa Sh15,000 wangechukua hata kesho, maana UMITASHUMTA inakuja na watoto wanachezea mpira wa matambara. Baba akawaahidi. Kisha akatuma malipo ya awali, Sh240,000, na mama akauona ujumbe wa muamala.

"Baba watoto, laki mbili na arobaini imekwenda wapi?"

"Ni biashara, mama. Faida yake laki saba."

"Laki saba baada ya kutoa nini?"

Usiku ule swali halikujibiwa. Lakini mama huyo huuza usipa sokoni, na muuza usipa hadanganywi na bei ya ziwani. Ndoo inayonunuliwa Mbamba Bay hulipiwa nauli na ushuru wa soko, na ikifika Mbinga wapo samaki waliovunjika ambao hakuna anayewataka. Asubuhi alileta daftari lake la usipa, akafungua ukurasa mpya.

Kwanza aliuliza bei ile ni ya mpira ukiwa wapi. Baba alipiga simu, akajibiwa kuwa ni ya kiwandani. Sialkot nako ni mbali na bahari kama Mbinga: mpaka bandari ya Karachi ni zaidi ya kilomita 1,000. Mipira 100 ni Sh800,000. Nauli na bima mpaka Dar es Salaam ziliongeza Sh200,000. Hiyo ni milioni moja, na forodha huanza kuhesabu hapo, si kwenye ile laki nane ya muuzaji.

Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki una viwango vya asilimia 0, 10, 25 na 35. Mama alitumia 25, akaandika pembeni kwamba wakala athibitishe kabla ya salio kulipwa. Hiyo ni Sh250,000. VAT ya asilimia 18 hukatwa kwenye thamani pamoja na ushuru wenyewe, yaani milioni 1.25, nayo ikawa Sh225,000. Mfanyabiashara aliyesajiliwa VAT huweza kuidai baadaye. Baba hajasajiliwa, kwa hiyo inabaki gharama yake. Kwa tozo ndogondogo waliweka Sh25,000. Mzigo ukawa wa milioni moja na nusu, na bado uko bandarini.

Wakala wa forodha, ada za kutuma fedha, gari la mzigo kupitia Songea, kisha usafiri wa kushuka ziwani: mama alikadiria Sh250,000. Nusu ya mtaji ingekopwa kwenye kikoba, na riba ya miezi mitatu ni Sh150,000. Jumla Sh1,900,000.

"Gawa kwa mia," alisema baba.

"Siyo mia. Weka mibovu minane."

Kwa mipira 92, kila mmoja ulisimama kwa zaidi ya Sh20,600. Yule mwenye duka Mbinga, ambaye baba alikuwa amemwita mwizi kwa mwezi mzima, alikuwa akiuza Sh25,000 na kulipa pango.

Mibovu minane haikuwa hofu ya bure. Mpira wa kawaida una vipande 32, na kuushona kwa mkono humchukua mtu takriban saa tatu. Zamani unafuu wa bei ulitoka pia kwenye vidole vya watoto, mpaka mwaka 1997 wenye viwanda wa Sialkot walipokubaliana na ILO na UNICEF, huko Atlanta, kuwaondoa katika kazi hiyo. Ukitoa ngozi ya juu, tyubu ya ndani na faida ya kiwanda kwenye Sh8,000, ujira wa saa tatu hauonekani. Huo ni mpira wa mashine, wa plastiki, na kwenye uwanja wa changarawe hubanduka mapema.

Baba alikuwa na jambo lingine alilolisema kwa sauti ya chini. Muuzaji alijitolea kuchapa nembo ya kampuni kubwa bila malipo. Mama alikataa palepale. Bidhaa bandia ikikamatwa, unapotea mzigo wote.

Walichookoa ni hewa. Mpira namba tano uliojazwa una upana wa sentimita 22 hivi, na kasha la mita moja kila upande, ukiipanga safu kwa safu, hubeba 64 tu. Ikitolewa upepo na kukunjwa kama bakuli huingia zaidi ya mara mbili. Nauli ya meli kwa mzigo mdogo huenda kwa ujazo, kwa hiyo mipira iliyojazwa ni kulipia upepo wa Pakistan, kana kwamba Ziwa Nyasa halina wake.

"Tukiacha sasa, tumepoteza laki mbili na arobaini," alisema mama. "Tukiendelea kwa elfu kumi na tano uliyoahidi, tunapoteza laki tano na ishirini."

Baba alinyamaza muda mrefu. Jumamosi alishuka Mbamba Bay kuwaeleza walimu bei mpya, Sh23,000. Shule mbili zilijitoa. Ya tatu ilisema itachukua kama mipira itakuwa namba nne, ya watoto, na kama pampu na sindano zitakuwemo.

Mama aliandika sindano kwenye daftari. Salio bado halijatumwa, na fedha ya mbolea ameihamishia kwenye simu yake.