Chuo Kinapenda Medali, Mwenye Medali Atajijua

Niseme tu bila kuzunguka: vyuo vikuu vyetu vinapenda medali, lakini mtu aliyeileta havina haja naye. Ukishinda, picha yako inawekwa kwenye bango pale langoni, unapostiwa kila mahali, na wakubwa wanapanga foleni kusimama kando yako. Jumatatu ukirudi darasani unaambiwa CAT ilifanywa wiki jana na una sifuri. Chuo ni kilekile. Mwanafunzi ni yuleyule.

Na kabla hujaniandikia "si alijichagulia mwenyewe," tulia kwanza.

Vile mambo yanaendaga kwa vyuo vingi vya hapa, CAT zinabeba alama 30 na mtihani wa mwisho 70. Ukikosa madarasa kupita kiwango, hata huruhusiwi kukalia mtihani. Mtihani maalum upo, sikatai. Lakini sababu ambazo kila ofisi inazielewa haraka ni mbili: ugonjwa na matanga. Ukilazwa, pole sana. Ukifiwa, pole sana. Ukiitwa kambi ya timu ya taifa? Hapo unaanza kutembeza barua ofisi hadi ofisi kama mtu anachangisha harambee.

Nimeona hii kitu kwa macho. Jamaa niliyekaa naye hosteli aliitwa kuchezea nchi. Barua ilikuwa na nembo na muhuri, kila kitu. Mkuu wa idara akamtuma kwa mkuu wa kitivo. Mkuu wa kitivo akasema hiyo ni ya mhadhiri. Mhadhiri akasema yeye hana mamlaka. Jamaa akapanda ndege, akarudi na sapu tatu. Muhula uliofuata akaachana na timu. Dada mwingine wa kozi yetu, mcheza densi mkali, alienda njia ya pili: akashika stage, akaacha shule. Leo mmoja ana digrii na hachezi, mwingine anacheza na hana digrii. Hakuna hata mmoja kati yao alikuwa mvivu. Walilazimishwa kuchagua kitu ambacho hakikuwa na haja ya kuchaguliwa.

Sasa tuongee gharama ya huu ujinga. Bernard Lagat alikuwa mwanafunzi wa JKUAT, hapo Juja tu. Mwaka 1996 akahamia Washington State University, Marekani, ambako mtu angeweza kukimbia na kusoma kwa wakati mmoja. Akapata digrii yake. Akatuletea shaba ya mita 1,500 Sydney 2000 na fedha Athens 2004. Halafu mwaka 2007 huko Osaka akawa bingwa wa dunia wa mita 1,500 na 5,000, akiwa amevaa jezi ya Marekani. Sally Kipyego naye alisomea uuguzi Texas Tech, akashinda mataji 9 ya vyuo vya Marekani, akatuletea fedha ya mita 10,000 London 2012. Kufika Olimpiki ya Tokyo, alikimbia marathoni akiwa Mmarekani. Edward Cheserek alishinda mataji 17 akiwa Oregon. Kumi na saba!

Siwalaumu hata kidogo. Mtu akibadilisha uraia ana sababu zake nyingi. Lakini usiniambie ni sadfa kwamba vipaji vyetu vinavyotaka pia kusoma vinaanza kwa kukata tiketi ya ndege.

Na sisemi Marekani ni peponi. Vyuo vya huko vinavuna pesa nzito kupitia kwa wanamichezo. Lakini angalau kuna kanuni. NCAA inasema mazoezi rasmi yasizidi saa 20 kwa wiki wakati wa msimu, na vyuo vikubwa vina watu walioajiriwa kuhakikisha mchezaji anafuatilia masomo. Uingereza wana mpango wa TASS tangu 2004, unaounganisha mchezaji, chuo na chama cha mchezo wake. Hakuna muujiza hapo. Ni watu walikaa chini, wakaandika, wakaweka sahihi.

Hapa kwetu, unajua nani anaelewa wanamichezo? Polisi, jeshi na magereza. Wanamwajiri mwanariadha, wanamlipa, wanampa nafasi ya kufanya mazoezi na kusafiri. Julius Yego, bingwa wa dunia wa mkuki 2015, ni polisi. Hebu fikiria hiyo. Taasisi zinazobeba bunduki zina unyumbufu kuliko taasisi zinazobeba vitabu.

Najua jibu linalokuja: "Kalenda ya chuo haiwezi kubadilishwa kwa sababu ya mtu mmoja." Stori za jaba. Mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma karibu siku 50, Septemba hadi Novemba. Nilikuwa upande wao na bado niko, juu walikuwa wanadai haki yao. Lakini angalia kilichofuata. Kalenda ilisogezwa. Mitihani ikasukumwa. Maelfu ya wanafunzi wakapangiwa upya maisha yao. Kama mnaweza kusogeza muhula mzima wa nchi nzima, mnaweza kumsogezea mtu mmoja CAT moja kwa siku 10.

Jibu la pili: "Mbona Omanyala aliweza?" Ndiyo, Ferdinand Omanyala alisomea kemia UoN, na Septemba 2021 akakimbia 9.77 pale Kasarani, rekodi ya Afrika. Heshima zake. Lakini mtu mmoja akipenya tundu la sindano, hilo tundu halijawa mlango. Swali ni wangapi walibaki nje na hatutawahi kujua majina yao.

Jibu la tatu: "Watu watadanganya." Watu wanadanganya hata na karatasi za hospitali, na hatujafuta ruhusa ya ugonjwa. Unathibitisha barua, maisha yanaendelea.

Wasanii ndio wanaumia zaidi. Mwanariadha angalau ana shirikisho la kumwandikia barua. Mpiga nyatiti, mwigizaji au mcheza densi barua ataitoa wapi? Akisema ana onyesho, anaambiwa anacheza na maisha. Lakini siku ya mahafali ikifika, haohao ndio wanaitwa kutumbuiza wageni. Watafanya mazoezi wiki mbili, na hakuna atakayeuliza wamekosa darasa gani, maana hapo chuo chenyewe ndicho kimewahitaji. Kumbe ruhusa huwa ipo. Inategemea tu nani anafaidika.

Ninachodai si hisani, na wala si alama za bure. Ni mambo manne, na hayahitaji jengo jipya wala mkopo wa benki:

1. Kanuni ya maandishi kwamba kuwakilisha nchi, au kushiriki kazi ya sanaa ya kiwango hicho, ni sababu halali ya kufanya CAT au mtihani baadaye. Mwanafunzi atoe taarifa mapema na ushahidi. Karatasi ibaki ngumu vilevile.

2. Mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuamua. Ofisi moja, sahihi moja. Hii mambo ya kurushwa kama mpira iishe.

3. Ruhusa ya kuchukua yuniti chache muhula wenye mashindano na kumaliza digrii kwa miaka 5 au 6, bila kupoteza hosteli na bila kuvurugiwa mkopo wa HELB.

4. Wasanii wahesabiwe. Mwaliko wa tamasha au mkataba wa onyesho uwe na uzito sawa na barua ya shirikisho.

Hii si stori ya watu wachache wenye bahati. Goti linaweza kukatika ukiwa na miaka 22. Sauti inaweza kupotea. Mchezo una mwisho, na mara nyingi unakuja kabla ya miaka 35. Baada ya hapo mtu anakula nini, picha ya bango? Digrii ndiyo bima yake, na sisi tunamwambia alipe bima hiyo kwa kuua kipaji.

Kwa hivyo, makomredi, kampeni za viongozi wa wanafunzi zikianza, mtu akija na soda na ahadi, usimuulize ataleta msanii gani kwa bash. Muulize swali moja: kanuni ya wanamichezo na wasanii iko wapi, na iko ukurasa gani? Akianza kukuambia vile chuo "kinathamini vipaji," mwambie vipaji haviliwi kwa maneno. Kisha mpigie kura mwingine.